Gia za mkono au klachi mbili: ushauri kwa anayetafuta gari la uwanja wa mbio

Watu wanaoanza kupeleka magari yao uwanja wa mbio huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nichukue gia za mkono au klachi mbili, yaani giaboksi inayobadilisha gia yenyewe au kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani, bila pedali ya klachi? Karibu wote huanzia kwenye kasi, na kasi ndiyo sehemu isiyo na ubishi tena. Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na PDK, jina la Porsche la giaboksi ya klachi mbili, hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Ile ya gia za mkono huchukua sekunde 3.9. Injini ni ileile, na ya gia za mkono ndiyo nyepesi, kwa kilo 17. Lars Kern, dereva wa majaribio wa Porsche, alipozunguka kilomita 20.8 za uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, na gari hilo kwa dakika 6 na sekunde 59.927, lilikuwa na PDK. Kama shida yako ni saa tu, jibu umeshalipata.

Wengi wetu lakini hatushindanii kombe. Tunaenda uwanjani kujifunza, kulijua gari linavyokuwa likifikishwa ukomoni, na kurudi nalo zima. Kwa mtu wa namna hiyo swali ni jingine kabisa: umakini wako utautumia wapi? Na hapo ushauri wangu huwashangaza wengi, kwa sababu mimi ni mpenzi mkubwa wa gia za mkono. Nasema anza na klachi mbili. Breki zikishakukaa, hamia gia za mkono.

Nina sababu, nayo iko mwisho wa njia ndefu iliyonyooka. Unakuja kwa kilomita 220 kwa saa, gia ya 5, na kona iliyo mbele inataka gia ya 3. Una sekunde 3 hivi. Ndani ya muda huo unatakiwa kuchagua pa kuanzia breki, uikanyage kwa nguvu mara moja, usikilize tairi, uanze kuiachia taratibu wakati unaingiza usukani, na macho yako yawe tayari yamefika ndani ya kona. Hiyo peke yake ni kazi ya kutosha kwa mgeni. Sasa ongeza gia za mkono: mguu wa kushoto kwenye klachi, mkono mmoja umeacha usukani, na mguu wa kulia unakanyaga breki kwa nusu yake ya ndani huku ubavu wake wa nje ukiigusa eksileta, ili injini ipande kidogo na gia ya chini iingie bila kuishtua ekseli ya nyuma.

Nimekaa kiti cha abiria na madereva wageni wengi, na kinachotokea ni kilekile. Mguu ukijipinda kuigusa eksileta, breki nayo inalegea. Unausikia mwili ukirudi kwenye kiti kwa kitambo kidogo, halafu unatupwa mbele tena dereva anapojaribu kufidia. Kona inafika gari likiwa bado na kasi iliyozidi, dereva anageuza usukani kwa hofu, kisha anaamini tatizo ni usukani wake. Anaweza kukaa miezi mingi hivyo, bila kujua kwamba hajawahi kukanyaga breki moja safi tangu mwanzo hadi mwisho.

Klachi mbili inakuondolea mzigo huo. Gia za 1, 3, 5 na 7 zina klachi yao. Za 2, 4 na 6 zina yao. Shafti zake mbili zimepangwa moja ndani ya nyingine, na wakati upo gia ya 4, ya 3 au ya 5 imeshaingizwa inasubiri. Ukibonyeza nyuma ya usukani, klachi moja inaachia nyingine inashika, na kompyuta yenyewe inaipandisha injini kwa kiasi kinachotakiwa. Mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, na mguu wa kulia una kazi moja tu. Porsche waliijaribu teknolojia hii kwenye magari yao ya mashindano miaka ya 1980, Volkswagen wakaiweka kwenye Golf R32 mwaka 2003, na Nissan GT-R ya 2007 ikaonyesha inavyoweza kulifanya gari zito liwe tishio uwanjani.

Siku za kwanza iache giaboksi ijiendeshe yenyewe kwenye hali ya michezo. Hizi za kisasa hujua kushusha gia kufuatana na nguvu unayoikanyagia breki, na wewe unabaki na mstari wa kona na macho yako. Ukiona breki zako zinafanana duru hadi duru, chukua vibonyezo mwenyewe. Usikawie sana, maana anayeiachia kompyuta siku zote hufika mahali hajui kona ipi inataka gia ipi, na siku akikaa kwenye gari lingine anaanza upya.

Kwa nini basi nihame? Kwa sababu baada ya breki kutulia, gia za mkono hukufundisha jambo ambalo klachi mbili haikudai: kupanga mapema. Ukijua kwamba kushusha gia kunahitaji muda na mkono ulio huru, unaanza kuifikiria kona ukiwa bado kwenye kona iliyotangulia. Unaamua kama kipande kile kifupi kati ya kona mbili kinastahili gia mpya au ni afadhali ubaki ya 3 na kuiacha injini ilie. Uamuzi wa namna hiyo ukiwa wako, duru nzima inakuwa yako. Na duru yenye kushusha gia sita zilizoingia laini, bila gari kutikisika, hunipa furaha kuliko sekunde yoyote niliyowahi kuipunguza. Sioni haya kusema hivyo.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2013 Porsche waliitoa GT3 mpya ikiwa na PDK tu. Mashabiki walilalamika sana. Mwaka 2016 ikaja 911 R, magari 991 tu, yote ya gia za mkono, na mwaka 2017 gia hizo zikarudi kwenye GT3 yenyewe. Kiwanda kile kinajua hesabu za kasi kuliko sote, na bado kilirudi. GT3 RS, iliyotengenezwa kwa ajili ya saa, imebaki na PDK peke yake, na mimi naona ni sawa kabisa.

Ukihamia, kuna jambo la pedali ambalo wengi hulipuuza. Barabarani, kuigusa eksileta wakati wa breki huonekana kama mazingaombwe kwa sababu pedali ya breki iko juu ya eksileta. Uwanjani unaikanyaga kwa nguvu, inashuka, na pedali mbili zinakuwa karibu usawa mmoja. Kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya mazoezi ya mjini. Vaa kiatu chenye soli nyembamba na sogeza kiti mpaka goti libaki limekunjwa kidogo hata klachi ikiwa chini kabisa. Magari mengi ya michezo yenye gia za mkono siku hizi hupandisha injini yenyewe unaposhusha gia. Nissan 370Z ndiyo iliyoanza. Tumia msaada huo mwanzoni bila aibu, kisha uuzime siku ya mvua kabla ya siku ya jua: mvua inakulazimisha kwenda taratibu, na gia iliyoingia vibaya utaihisi nyuma ya gari kabla haijawa hatari.

Hatari kubwa ya gia za mkono ni nyingine, na naomba uichukulie kwa uzito wote. Unatoka ya 5 kwenda ya 4, mkono una haraka, unavuta kuelekea kushoto zaidi ya inavyopasa, na kijiti kinaingia ya 2. Chukua Porsche 718 Cayman GT4. Gia yake ya 2 huvuka kilomita 130 kwa saa kabla ya injini kugonga kikomo cha mizunguko 8,000 kwa dakika. Ukiiingiza gia hiyo kwa kilomita 200 na kuachia klachi, injini inalazimishwa kwenda karibu mizunguko 12,000. Kikomo hakikuokoi, kwa sababu kazi yake ni kukata mafuta, na hapa kinachoizungusha injini ni tairi. Valvu na pistoni hukutana pale ambapo hazikupaswa kukutana. Kinga ni mkono uliolegea: usikikamate kijiti kwa ngumi, kisukume kwa kiganja kilichofunguliwa, na kutoka ya 5 kwenda ya 4 kivute moja kwa moja nyuma, uiachie springi ya katikati ikiongoze. Klachi mbili haikubali kosa hilo. Ukiomba gia ya chini wakati kasi ni kubwa, inakataa.

Mfano huohuo wa GT4 unaonyesha jambo jingine ambalo karatasi za mauzo hazilitaji kwa sauti: urefu wa gia. Giaboksi ya mkono ya gari lile ina gia 6 ndefu, na kwenye kona za polepole unajikuta ya 3 ni nzito na ya 2 huna sababu ya kuiacha kwa muda mrefu. PDK yake ina gia 7 zilizokaribiana zaidi. Kabla ya kulipa, tafuta kila gia inafikisha gari kilomita ngapi, kisha linganisha na kona za uwanja unaouendea mara nyingi.

Upande wa klachi mbili, adui ni joto. Nimewahi kuendesha gari moja ambalo mafuta ya giaboksi yalipanda joto mapema sana na kompyuta ikaanza kupunguza nguvu kujilinda, injini ikiwa bado baridi kwa viwango vyake. Fungua kipimo cha joto la giaboksi kwenye dashibodi, kama gari linacho, na ukiangalie kila unapopita njia iliyonyooka. Badilisha mafuta ya giaboksi mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa ajili ya barabara. Achana na ile programu ya kuondoka kwa kishindo. Siku za mazoezi hakuna mstari wa kuanzia mashindano, na unachochoma ni klachi zako. Kwenye foleni ya mlima usilishikilie gari kwa eksileta, likamate kwa breki.

Na kama unanunua gari lililotumika lenye gia za mkono, lipeleke likasomwe kompyuta ya injini kabla hujafungua pochi. Kwenye Porsche za miaka ya karibuni, kumbukumbu za injini kuvuka kikomo hupangwa kwa madaraja 6, pamoja na saa za kazi ambazo injini ilikuwa imefikisha tukio lilipotokea mara ya mwisho. Madaraja ya chini ni ya kawaida kwa gari la uwanjani. Ya juu ndiyo ya kuogopa: gia iliingia siko. Linganisha saa hizo na saa za sasa za injini. Ikiwa tukio ni la zamani na injini imefanya kazi saa nyingi tangu hapo bila shida, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha mkae mjadili bei. Ikiwa lilitokea juzi tu, liache gari hilo ukaangalie lingine.