Kinyota Mbele ya Neno

Wadogo zangu mnaoanza isimu historia, zoeeni kukitazama kile kinyota. Ukikuta *saiwiz, kinyota kinakwambia hakuna aliyeliona neno hili limeandikwa. Wataalamu wameliunda upya kwa kulinganisha watoto wake: sea ("bahari") la Kiingereza, zee la Kiholanzi, See la Kijerumani, saiws la Kigothi, lugha iliyokwisha kufa.

Zoezi langu la kwanza lilihusu neno hilo. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba limetokana na mzizi wa kale wa kuchuruzika, uliozaa seihen, "kuchuja", la Kijerumani. Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya "limetokana" na kuandika pembeni: "Nani kakuambia?" Kumbe ni pendekezo tu. Nje ya tawi la Kijerumaniki, yaani lugha hizo nne na jamaa zao wa karibu, neno halina ndugu wa uhakika. Neno la bahari la ukoo mzima wa Kihindi-Kiulaya, ambao Kijerumaniki ni tawi lake, ni lile la mare la Kilatini, more la Kirusi na Meer la Wajerumani wenyewe.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukimbilia sauti kabla ya maana. Nilishika "bahari", basi. Lakini katika Biblia ya Kigothi iliyotafsiriwa na askofu Wulfila, karne ya 4, Luka 5:1, saiws ni ziwa la Genesareti. Bahari ni marei. Ukienda Ujerumani leo, Meer ni bahari na der See ni ziwa (die See ni bahari tena, usiniulize!). Vuka mpaka uingie Uholanzi, mambo yanapinduka: zee ni bahari, meer ni ziwa. Mwaka 1932 Waholanzi walipoziba mlango wa ghuba ya Zuiderzee kwa boma, maji yaleyale yakaitwa IJsselmeer.

Mtakutana pia na mwanaisimu Sigmund Feist, aliyedai kwamba kama theluthi moja ya msamiati wa Kijerumaniki ilitoka kwa wenyeji waliotangulia. Wanafunzi huipenda hoja hii: wasemaji wa Kijerumaniki hawakuijua bahari, wakaazima jina lake. Polepole. Sisi nasi tunasema "bahari", neno la Kiarabu; je, wavuvi wa Lamu walingoja mgeni awaonyeshe maji? Huenda *saiwiz limeazimwa kweli, ila kuazima jina si ushahidi wa kutokijua kitu.

Zoezi nililirudia. Safari hii niliandika "asili yake haijathibitishwa", kisha nikatumia kurasa mbili kueleza kwa nini. Kalamu nyekundu haikugusa sentensi hiyo, ingawa tahajia ya Kigothi ilinitoa jasho.