Anang'ata wenzake, mama yake naye hataki kuongea

SWALI: Shangazi shikamoo. Nafanya kazi kituo cha kulelea watoto wadogo, nina mmoja wa miaka 4, ana miezi miwili tu kwetu. Mlango ukibamizwa huyo chini ya meza, mwenzake akimgusa kwa nyuma anamng'ata, kulala mchana hataki kabisa. Nimemkalisha kona, nimemfokea, wapi! Nikimwita mama yake ananijibu mkato, "kwani kafanya nini tena?" anabeba mtoto anaondoka. Tumtoe tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Kumtoa hapana, maana pengine huyo kashatolewa sehemu nyingi.

Sijamwona na siwezi kusema ana kiwewe, yaani jeraha la moyoni la mambo mabaya aliyopitia, ila unavyoeleza ni kama mtoto anayelinda mwili wake saa zote. Aliyezoea kupigwa au kuona ugomvi nyumbani, ubongo wake unabaki macho, kelele kidogo homoni za stresi zinapanda, na hapo hasikii maneno yako hata uwe na hoja nzuri vipi. Ukimfokea ndo unamthibitishia kwamba hapa napo pa hatari. Kwahiyo badala ya kujiuliza huyu ana shida gani, jiulize kapitia nini.

Anza na wewe kupumua, kweli kabisa, maana mtoto mdogo hatulii mwenyewe, anatulia kwa mtu mzima aliyetulia. Shuka chini usawa wake, usimzibie njia, sauti ya chini, "upo salama, niko hapa", mengine baadaye akishapoa. Aliyeng'atwa abembelezwe pia jamani, na huyu aambiwe kuuma hapana, kuwaelewa watoto siyo kuwaachia. Mwambie kabla ya kila kitu, tunakula halafu tunanawa halafu tunapumzika, kila siku vilevile. Usimguse kwa nyuma. Kulala asilazimishwe, akae na kitabu karibu na wewe, kufumba macho mbele ya watu ni kazi ngumu kwa mwenye hofu.

Sasa mama. Marekani mwaka 1998 ulitoka utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000, waliulizwa kuhusu mateso na misukosuko ya utotoni, zaidi ya nusu walitaja angalau jambo moja. Kwahiyo huyo anayekujibu mkato anaweza kuwa na lake pia, na kila ukimwita ni kesi, nani angependa? Wiki nzima mpe habari njema moja tu, "leo kacheka", umwache aende. Baadaye muulize yeye anambembelezaje nyumbani, anamjua kuliko wewe. Ikiendelea, waelekezeni kwa mtaalamu anayeona mama na mtoto pamoja.

Ila ukiona alama mwilini au mtoto akasema anaumizwa, usimhoji hoji, andika maneno yake kama alivyosema, mwambie mkuu wako, na ustawi wa jamii wajue siku hiyohiyo.