Maji ya Sabaki Juu ya Karatasi

SWALI: Kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha za sanaa mlangoni mwa mto Sabaki, hasa wakati wa masika, maji mekundu yanapoingia baharini. Mwalimu mmoja wa sayansi aliziangalia akaniambia kwamba zinapendeza lakini hazithibitishi kitu, kwa kuwa rangi nimezichagua mwenyewe. Nimesoma kuhusu Meghann Riepenhoff wa Marekani, ambaye hupaka karatasi dawa na kuiacha ipigwe na mawimbi. Je, njia hiyo yaweza kufaa hapa kwetu?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, yafaa, ingawa mimi singekushauri uifuate kama anavyoifanya yeye. Njia hiyo huitwa sayanotaipu, na ilivumbuliwa na John Herschel wa Uingereza mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kutoa kwa njia hiyo picha za mwani bila kamera, akiulaza mwani wenyewe juu ya karatasi na kuuanika juani. Alikusudia kumbukumbu ya elimu ya mimea, na picha hizo zingali zikitazamwa kwa uzuri wake.

Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, sitreti ya feriki na amonia pamoja na ferisianidi ya potasiamu, kisha hukaushwa gizani. Miale ya urujuanimno ya jua inapoifikia, hutokea buluu nzito isiyoyeyuka majini. Pasipofikiwa na miale, dawa hutoka kwa kuoshwa na karatasi hubaki nyeupe. Hapo ndipo ilipo faida yako, kwa sababu tope la Sabaki huzuia miale. Teka maji ya mto, uyatie katika bakuli la kioo lenye kitako bapa, uyakoroge, kisha bakuli uliweke juu ya karatasi saa sita mchana mbingu ikiwa wazi, na kando yake uweke bakuli jingine kama hilo lenye maji safi ya kina kile kile. Dakika ziwe zile zile kila mwezi, na karatasi iwe ya aina moja. Maji yakiwa mazito kwa udongo, buluu itafifia, na rangi hiyo hukuichagua wewe.

Karatasi yenyewe usiitie baharini. Baadhi ya kazi za Riepenhoff hazioshwi kikamilifu, nazo huendelea kubadilika kwa miaka. Jambo hilo lina uzuri wake mkubwa, lakini picha inayobadilika haiwezi kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Tena bahari yetu ina hifadhi tangu mwaka 1968, na sioni sababu ya kuimwagia dawa matumbawe ambayo tayari yanasumbuliwa na tope. Matumbawe hayo ni mashahidi wazuri kuliko sote: wanasayansi waliochunguza bariamu, madini yanayoletwa na udongo wa mto, iliyomo ndani ya matumbawe ya Malindi waliweza kusoma humo historia ya takriban miaka 300 ya udongo ulioletwa na mto huu, na wakaona kwamba mmomonyoko uliongezeka sana katika karne ya 20.

Vaa glavu, na ferisianidi usiichanganye kamwe na asidi kali wala usiiweke motoni, kwani yaweza kutoa gesi ya sumu. Unapokwenda kuteka maji, fuatana na mvuvi anayejua viboko walipo.

Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, saa, mahali ulipoteka, kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, na kama ni bamvua au maji mafu, kwa kuwa bahari ikijaa huingia mtoni na kuyapunguzia maji tope. Siku ya maonyesho usichague zilizo nzuri peke yake. Zitundike zote kwa mfuatano wa miezi, hata zile zilizotoka karibu nyeupe, maana hizo ndizo za siku ambazo mto ulibeba udongo mwingi zaidi.