Cook au Peary: nani alitangulia Ncha ya Kaskazini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la saba aliulizwa kwenye chemsha bongo ya shule: mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini ni nani? Akaandika Robert Peary, akapata vema. Binamu yake, anayesoma shule nyingine, kashika kwamba ni Frederick Cook, tena mwaka mzima kabla ya Peary. Nyumbani hapakaliki. Tuamulie. – Mama wa wabishi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Ubishi huo umewagawa Wamarekani tangu Septemba 1909, na ningekuwa mimi ninasahihisha, wote wawili ningewapa kosa.

Cook alikuwa daktari. Tarehe 1 Septemba 1909 alipeleka simu ya maandishi kutoka Lerwick, visiwa vya Shetland, akidai alifika nchani 21 Aprili 1908 pamoja na vijana wawili wa Kiinuiti (wenyeji wa nchi za baridi za kaskazini), Ahwelah na Etukishook. Copenhagen ikampokea kwa shangwe. Siku tano baadaye simu ya Peary, ofisa wa jeshi la maji la Marekani, ikaingia kutoka Labrador, Kanada: yeye amefika 6 Aprili 1909, na huyo daktari ni mwongo.

Cook alipodaiwa ushahidi, alisema vyombo vyake na baadhi ya kumbukumbu aliviacha Greenland kwa Harry Whitney, tajiri mmoja aliyekwenda huko kuwinda. Ni kweli Whitney aliachiwa mizigo. Lakini alipoomba lifti kwenye meli ya Peary, Peary aligoma kupakia kitu chochote cha Cook. Mizigo ikafichwa kwenye mawe huko Etah, na haikuonekana tena. Ukiishia hapo utamhurumia daktari wa watu. Tatizo ni kwamba mwaka 1906 alikuwa ameshadai kupanda Mlima McKinley wa Alaska, na picha ya kileleni akaitoa. Mwaka 1910 wapanda milima walipafuata mahali pa ile picha wakapaona: kilima tu, kilomita zipatazo 30 kutoka kilele chenyewe! Chuo Kikuu cha Copenhagen nacho kilikuwa kimeyakagua makaratasi yake Desemba 1909, kikasema hayathibitishi kitu.

Peary ndiye anayenikera zaidi, maana mashahidi aliwapunguza mwenyewe. Karibu na mwisho wa safari alimrudisha nyuma nahodha Bob Bartlett, mtu wa mwisho, ukimwacha Peary, aliyesomea kupima jua na kujua wako latitudo gani. Akaendelea na Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyesafiri naye miaka mingi, na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Bartlett alipoondoka tu, mwendo ukawa kama mara mbili ya ule wa awali. Juu ya barafu iliyovunjikavunjika, na Peary mwenyewe baridi ilishamla vidole vingi vya miguu! Wally Herbert, aliyefika nchani kwa sleji za mbwa mwaka 1969, alikuja kuipitia shajara ya Peary, akakuta maneno ya kufika yako kwenye karatasi iliyochomekwa. Hesabu zake zilimwonyesha kwamba Peary aliikosa ncha kwa makumi ya maili. Peary alipewa cheo cha admirali; Henson akaishia kuwa karani wa forodha New York.

Kwa nini hakuna anayeweza kwenda kuhakikisha? Kaskazini ni bahari iliyoganda, na barafu yake haitulii. Bendera uliyoisimika leo inaondoka na mkondo. Ncha ya Kusini kuna bara chini ya barafu. Mnorwei Roald Amundsen alipofika huko 14 Desemba 1911 aliacha hema na barua ndani yake. Mwingereza Robert Scott, aliyekuwa akishindana naye, akalikuta hema hilo Januari 1912, akayaandika hayo kwenye shajara yake kabla ya kufa njiani. Ushahidi wa Amundsen ukatoka mkononi mwa mpinzani wake. Nani atabisha?

Basi mwanao aandike hivi. Waliopita juu ya ncha bila ubishi: Amundsen, Ellsworth, Nobile na wenzao, kwa puto la injini liitwalo Norge, 12 Mei 1926. Waliokanyaga: Warusi walioshuka kwa ndege, 23 Aprili 1948. Waliofika kwa kusafiri juu ya barafu: Ralph Plaisted, muuza bima wa Minnesota, na wenzake, kwa pikipiki za theluji, 19 Aprili 1968. Mwalimu wake akikataa kusahihisha, aniandikie.