Wasomaji Wauliza: Tozo za Barabara kwa Anayekwenda Kutembea Ulaya na Gari

Barua za mwezi huu kutoka kandoni mwa ziwa zimejaa swali moja lenye sura nyingi: tukikodi gari Ulaya, barabara zenyewe zitatugharimu kiasi gani? Swali ni la haki. Hapa kwetu pesa ya barabara imo ndani ya lita ya mafuta, ukishajaza tenki umeshalipa. Kule kila nchi ina utaratibu wake, na anayevuka mpaka anavuka pia kutoka utaratibu mmoja kwenda mwingine. Katika majibu haya tumekadiria euro 1 kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi.

Kaka yangu anaishi München. Mwezi wa saba tutakwenda kumtembelea, watu watano, na tumepanga kukodi gari hapo hapo tushuke hadi Venezia na kurudi. Anasema barabara za Ujerumani ni bure. Tuweke shilingi ngapi za tozo?
*Mama wa watoto watatu, Nyegezi*

Mama, kaka yako amesema kweli, ila kweli hiyo inaishia mpakani. Gari dogo halilipi kitu kwenye barabara kuu za Ujerumani, wanaolipa ni malori. Serikali yao ilitaka kuanza kutoza magari madogo, lakini Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mpango ule unawabagua wageni, ukafa hapo.

Mkiingia Austria mambo yanabadilika. Wao wanatumia stika, unalipia siku unazotumia barabara hata kama utaendesha kilomita chache. Kwa bei za 2025, stika ya siku 1 ni euro 9.30, ya siku 10 euro 12.40, ya miezi miwili euro 31.10. Bei hupanda kidogo kila mwaka mpya. Chukueni ya siku 10, na mhesabu kwamba siku ya kwanza imo ndani ya hizo kumi. Safari ikizidi siku 10, msikimbilie ya miezi miwili: mbili za siku 10 ni euro 24.80, bado ni nafuu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Stika hiyo haifanyi kazi kwenye barabara ya A13, kutoka Innsbruck hadi kilele cha mpaka wa Brenner. Kipande hicho kina tozo yake, takriban euro 12 kila upande, inayolipwa kwenye mageti ya Schönberg kwa kadi au taslimu. Ni barabara ya milimani iliyojaa madaraja marefu. Moja wapo, Europabrücke, lilifunguliwa 1963 na linapita mita 190 juu ya bonde. Msishangae madereva wengine wakishuka kwenye barabara ya zamani iliyo chini ili kukwepa tozo, ila msiwafuate. Wikiendi za kiangazi mkoa wa Tirol hufunga njia hizo za vijijini kwa wapita njia, na askari huwarudisha watu walikotoka.

Italia wao wanahesabu kilomita. Mtachukua tiketi kwenye mageti ya Vipiteno, baada tu ya mpaka, na mtalipa mwisho wa safari karibu na Venezia. Wekeni takriban euro 30 kwa upande mmoja.

Jumla: stika euro 12.40, Brenner kwenda na kurudi 24, Italia kwenda na kurudi 60. Ni kama euro 96, yaani shilingi 290,000 hivi. Tengeni 350,000, kwa sababu watoto wakiona ziwa Garda mtatoka barabarani na kuingia tena, na kila kuingia kunaanzisha tiketi mpya.

Stika ya kidijitali inabandikwa wapi? Na mbona ya Uswisi nimeiona faranga 40 kwenye tovuti moja na zaidi ya 60 kwenye nyingine?
*Fundi magari, Kirumba*

Haibandikwi popote. Ni kama stika ya bima ya gari ilivyo hapa kwetu siku hizi: namba ya gari inaingizwa kwenye mfumo, na kamera au askari anaangalia namba hiyo.

Kwa hiyo usiinunue kabla hujapewa gari. Ukikodi, unapangiwa aina ya gari tu. Namba utaijua siku unapokabidhiwa funguo. Ukiwa bado kwenye maegesho, piga picha namba ya gari, kisha ingiza herufi kwa herufi. Makosa ya kawaida ni matatu: kuandika herufi O badala ya sifuri, kuacha nukta mbili juu ya Ü au Ö kwenye namba za Kijerumani, na kuchagua nchi uliyotoka wewe badala ya nchi gari liliposajiliwa. Kosa lolote kati ya hayo ni sawa na kutolipa. Austria asiye na stika halali mwaka 2025 alidaiwa euro 120 na kuendelea.

Uswisi inauza stika ya mwaka mzima tu, faranga 40, iwe unapita saa tatu au unakaa miezi. Inaanza kutumika tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia na kuisha 31 Januari ya mwaka unaofuata, miezi 14 yote. Ya kidijitali ilianza Agosti 2023, na ile ya kubandika bado ipo. Ukinunua ya kubandika, ibandike kweli kwenye kioo cha mbele. Kuiweka tu juu ya dashibodi ni kosa, na faini ni faranga 200 pamoja na bei ya stika yenyewe. Uzuri ni kwamba handaki la Gotthard, lenye karibu kilomita 17, limo ndani ya stika hiyo. Handaki la Grand-Saint-Bernard halimo, lina malipo yake.

Hizo faranga 60 ni za dalali. Tovuti hizo zinanunua stika ya kweli kwa jina lako na kujiongezea cha juu. Hujaibiwa, lakini hukuwa na sababu ya kulipa. Ya Uswisi inauzwa na idara yao ya forodha, ya Austria na ASFINAG, kampuni ya barabara kuu za nchi hiyo.

Tunafunga ndoa Desemba na fungate letu litakuwa Paris, Lyon na Marseille kwa gari. Kadi yangu ya benki ya hapa itafanya kazi kwenye mageti? Naogopa kukwama nyuma kuna foleni.
*Bwana harusi mtarajiwa, Bwiru*

Hongera, kaka. Hofu yako ina msingi, basi tuingie getini taratibu.

Ufaransa usukani uko kushoto na mashine iko kushoto. Wewe umezoea kukaa kulia. Mtu wa namna hiyo akikaa kushoto huwa analielemeza gari kulia bila kujua, na anapofika kwenye mashine anajikuta yuko mbali nayo, mkono haufiki. Punguza mwendo mapema, shusha kioo kabla, kisha lisogeze gari hadi uone kioo cha pembeni kimekaribia ukingo. Vuta handibreki ndipo unyooshe mkono.

Mita kama mia mbili kabla ya hapo utakuwa umeshaona alama juu ya kila njia. Mshale wa kijani unapokea malipo ya aina zote. Picha ya kadi, kadi tu. Herufi t ya rangi ya machungwa ikiwa peke yake ni ya wenye kifaa cha kielektroniki kiooni, usiingie humo. Wewe tafuta mshale wa kijani kila mara, hata kama foleni yake ni ndefu kidogo.

Geti la kuingilia linakupa tiketi. Mpe bibi harusi aishike, isiwekwe juu ya dashibodi ambako upepo wa dirishani utaiokota. Ukiipoteza utatozwa kama mtu aliyetoka mwisho kabisa wa njia hiyo. Geti la kutokea, unachomeka tiketi kwanza, bei inajitokeza, ndipo unalipa.

Kuhusu kadi: ya Visa au Mastercard yenye chipu kwa kawaida inapita. Zinazogoma ni za kulipia kabla na zile zinazotaka idhini ya benki kwa kila muamala, kwa sababu mashine inataka kumaliza kazi kwa sekunde chache. Kadi ya mtandaoni iliyomo ndani ya simu haina plastiki ya kuchomeka, usiitegemee. Beba kadi mbili za benki tofauti, na euro 50 za noti ndogo na sarafu. Waarifu benki yako kabla ya kuondoka kwamba kadi itatumika Ufaransa. Muamala wa kwanza wa ghafla kutoka Ulaya mara nyingi ndio unaoifungia kadi.

Ikigoma licha ya yote, usirudi nyuma. Kurudi nyuma getini ni hatari na kuna faini. Kwenye mashine kuna kitufe cha msaada, bonyeza na sema Kiingereza polepole, mhudumu anakuona kwa kamera. Wa nyuma watapiga honi, waache wapige.

Gharama: Paris hadi Lyon ni karibu euro 40 kwa gari dogo, Lyon hadi Marseille karibu 30. Bei hurekebishwa kila tarehe 1 Februari. Mkitaka kukwepa inawezekana, lakini Paris hadi Lyon kwa barabara za kawaida ni saa saba au nane badala ya nne na nusu, mkipita miji midogo na mizunguko isiyoisha, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa fungate la siku chache, lipeni. Kipande kimoja kifupi, baina ya miji mizuri, ndicho cha kupita bila tozo.

Na mkodi gari lisilozidi mita 2 kwa kimo. Likizidi hapo linahesabiwa daraja la pili, na tozo inapanda kama mara moja na nusu.

Njia za kwenda Normandie, Ufaransa, nimeambiwa hazina tena mageti. Ina maana zimekuwa bure?
*Msomaji, Musoma*

Hapana, na swali hili ndilo linalotuhangaisha kuliko mengine yote. Mtu aliyezoea pantoni ya Kamanga anajua hupandi bila tiketi. Pale ambapo hakuna aliyekuzuia, akili inakwambia hakuna unachodaiwa. Kwenye A14 tangu Juni 2024 na A13 ya Ufaransa (si ile ya Austria) tangu Desemba 2024, kamera zinasoma namba ya gari linapopita bila kusimama, na una saa 72 za kulipa kwenye tovuti ya Sanef, kampuni inayoendesha barabara hizo, au kwenye maduka ya tumbaku yaliyosajiliwa. Ukichelewa, ndani ya siku 15 unaongezewa euro 10. Baada ya hapo inakuwa euro 90, na ukipuuza kabisa inafika 375.

Italia nayo ina barabara za namna hiyo kaskazini mwa Milano, Pedemontana Lombarda, ila wao wanakupa siku 15.

Na Hispania?
*Mwanafunzi, Mwanza mjini*

Habari njema. Mikataba mingi ya tozo imeisha: AP-7 kutoka Tarragona hadi mpaka wa Ufaransa imekuwa bure tangu Septemba 2021, Sevilla hadi Cádiz tangu 2020. Jina likianza na A peke yake, pita bure. AP, soma bango. Kama ramani ya gari ni ya zamani itakuzungusha bure kukwepa tozo iliyokwisha kuondolewa.

Mwanangu yuko Kent, Uingereza. Anataka kunichukua Heathrow kupitia daraja la Dartford. Nisikie tozo yake.
*Mzee wa Bukoba*

Shikamoo mzee. Tangu 1 Septemba 2025 gari dogo ni pauni 3.50 kwa kila kuvuka, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Nje ya saa hizo ni bure. Hakuna kibanda, mwanao alipe mtandaoni kabla ya saa 6 usiku wa siku inayofuata. Akisahau ni pauni 70, au 35 akiilipa ndani ya siku 14. Ndege yako ikitua jioni sana, hata haraka ya kuvuka haipo.

Nilirudi Mwanza salama, miezi minne baadaye kampuni niliyokodi gari ikakata euro 40 kwenye kadi yangu, kisha 40 nyingine. Sikuona tozo yoyote. Hii ni haki?
*Mfanyabiashara, Pasiansi*

Pole, ndugu. Kwa ukubwa huo, hizo si tozo wala faini. Ni ada ya kampuni kwa kazi ya kuwapa wenye mamlaka jina na anwani yako, na mara nyingi iko kati ya euro 25 na 50 kwa kila tukio. Imeandikwa kwenye mkataba uliosaini. Ina maana kuna matukio mawili, na madai yenyewe yanaweza kuja kwa barua baadaye.

Ulipopita Italia, huenda uliingia katikati ya mji wa kale wenye eneo la ZTL, yaani lililozuiwa kwa magari ya kawaida, ambako gari lisilo na kibali hupigwa picha. Au uliingia njia ya njano ya Telepass kwenye geti, ile ya wenye kifaa cha kielektroniki kiooni. Wanaoingia humo bila kifaa hupewa karatasi ya kutolipa, na wanatakiwa kulipa ndani ya siku 15. Wengi wanaidhani ni risiti na kuitupa.

Iandikie kampuni barua pepe ukiomba nakala ya kila tukio: tarehe, saa, mahali. Linganisha na siku ulizokuwa na gari. Tukio likiwa la baada ya kulirudisha, dai pesa yako, na ambatisha karatasi ya kukabidhi gari yenye saa. Kama ni la kwako na tozo yenyewe bado haijalipwa, ilipe sasa hivi kwenye tovuti ya barabara husika kwa namba ile ile ya gari, kisha tunza uthibitisho wa malipo angalau mwaka mmoja.