Mashine ya kufulia ikizeeka: angalia kwanza ubovu uko wapi

Mashine yangu ya kwanza ya kufulia niliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa shilingi 40,000, na mpaka leo inaniuma. Ilikuwa ya mlango wa mbele, kilo 7, niliinunua mtumba Kariakoo. Siku moja iliingiza maji vizuri, pampu ikayatoa vizuri, lakini dramu haikuzunguka. Fundi akaniambia mota imeungua, na mota nyingine bei yake inakaribia bei ya mashine. Nikamwamini. Wiki tatu baadaye nikaikuta kwa jirani, mtaa wa pili, inafua kama kawaida. Kumbe zilikuwa zimeisha kaboni tu, vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Jirani alilipa 25,000, spea pamoja na ufundi.

Mashine ya pili nimeishi nayo miaka tisa hapa Kigamboni, kwa maji ya kisima yenye chumvi, na watoto watatu wanaochafua nguo kila siku. Imenifundisha kwamba umri wa mashine si jambo la kwanza kuangalia. Wala ile kanuni ya watu wengi, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya basi nunua mpya, haitoshi. Nauliza kwanza: ubovu uko pembeni ya dramu, au uko kwenye dramu yenyewe?

Vya pembeni ni vingi na karibu vyote vinatengenezeka: pampu ya kutolea maji, mkanda, kaboni, hita, vali ya kuingizia maji, mpira wa mlango, shokapu. Mashine yenye miaka 10 ikifa pampu, mimi naweka pampu na maisha yanaendelea. Tena kabla hujalipia pampu, fungua kile kifuniko kidogo chini mbele, weka beseni na tambara, chomoa chujio. Kwangu zimetoka sarafu, pini za nywele na soksi ya mtoto mchanga, na pampu iliyoambiwa imekufa ikaamka.

Kuna na ubovu ambao hauko hata kwenye mashine. Jirani yangu aliambiwa abadilishe vali, halafu bodi (ile sahani ya umeme inayoongoza kazi zote za mashine), kwa sababu mashine ilikuwa inakata kazi na kuandika kwamba haipati maji. Tenki lake liko juu ya mnara wa mita tatu. Maji yanahitaji kimo cha mita 10 hivi ili yatoe msukumo wa bar 1, kwa hiyo mita tatu zinatoa kama bar 0.3, wakati kitabu cha mashine yake kinataka isipungue 0.5. Zaidi ya hapo, kile kichujio kidogo mwanzoni mwa mpira wa maji kilikuwa kimejaa mchanga. Alisafisha kichujio, akafunga pampu ndogo ya kusukuma maji, basi. Angenunua mashine mpya, nayo ingeandika vilevile.

Sasa dramu. Hapa ndipo nataka uwe makini, maana hapa ndipo pesa zinapotea.

Dalili ya kwanza ni sauti. Mashine inafua kimya, lakini ikifika kukamua inanguruma kama lori linapanda mlima. Chomoa waya ukutani, fungua mlango, zungusha dramu kwa mkono. Ikikwaruza, beringi, zile pete za chuma zinazoifanya dramu izunguke laini, zimeanza kwenda. Kisha shika ukingo wa juu wa dramu, uunyanyue na kuushusha. Dramu ikicheza peke yake, mbali na tangi la plastiki linaloizunguka, zimekwisha. Chungulia na nyuma ya mashine: michirizi ya kutu au grisi nyeusi maana yake sili, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, imeshapitisha maji, na ni maji hayo yaliyokula beringi.

Ukisikia mapema, unabadilisha sili na beringi pamoja (usikubali fundi abadilishe beringi akaacha sili ya zamani) na mashine inarudi kwenye kazi yake. Mimi sikusikiliza mapema. Niliendelea kufua miezi minne na ile ngurumo, kwa sababu nguo zilikuwa zinatoka safi. Ilipofunguliwa, shafti, yaani chuma ambacho dramu inazungukia, ilikuwa imelika, na ule mkono wa aluminiamu wenye miguu mitatu unaoshika dramu kwa nyuma ulikuwa umeliwa na chumvi na sabuni, unamomonyoka kwa kidole.

Tena tangi lake lilikuwa la kuunganishwa kiwandani, halina bolti. Mashine nyingi za siku hizi ziko hivyo: ili kufikia beringi inabidi tangi likatwe kwa msumeno, halafu lirudishwe kwa bolti na silikoni. Fundi wangu, mtu mwaminifu, aliniambia wazi: "Dada, nitalikata na nitalifunga, lakini siwezi kukuahidi mwaka." Nikasema sawa. Nikalipa 180,000. Baada ya miezi mitano likaanza kuvuja. Ile 180,000 haikufika hata robo ya bei ya mashine mpya, kwa hiyo kwa kanuni ya nusu bei nilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana siiamini tena kanuni hiyo. Tangi lisilo na bolti pamoja na mkono ulioliwa: nunua nyingine. Tangi lenye bolti na mkono mzima: tengeneza, hata kama mashine ina miaka 12.

Zile za matangi mawili, ya kufulia na ya kukamulia, nyingi zinatengenezeka kirahisi. Mota inavuma lakini haizunguki, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Usikimbilie kuitupa.

Bodi ndiyo ngumu kwangu kushauri. Umeme ukipanda na kushuka inaungua, na bodi ya mtumba unaweza kulipia 200,000 nayo ikakaa wiki. Nalipa tu kama fundi anakubali kuiwasha mbele yangu na kuandika dhamana ya miezi mitatu. Kabla ya kwenda kuitafuta, piga picha kibandiko kilichoko ndani ya mlango chenye namba ya modeli, maana mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na bodi tofauti. Kwa wanaonunua mtumba kutoka Ulaya: sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wa mashine zilizoingia sokoni huko tangu Machi 2021 wawe na spea kwa angalau miaka 10. Kama una ndugu kule wa kukuletea, hilo ni jambo kubwa. Kwa mashine ya zamani zaidi usilitegemee.

Nilipoamua kununua mpya, sikuichomeka siku ile ile. Nilisubiri niweke stabilaiza kwanza, na kichujio kwenye bomba, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka na mchanga wa kwenye maji vingeiua na hii. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono nimeiacha. Inatoa povu jingi mno kwa mashine ya mlango wa mbele. Kila baada ya miezi miwili naiendesha tupu kwa maji ya moto na sitriki asidi, ule unga wa kutia ukali kwenye juisi, ili magamba ya chumvi yaachie hita. Mlango nauacha wazi kila nikimaliza.

Ile ya zamani sikuiuza kwa kilo. Nilikaa na fundi barazani, tukaorodhesha kilichokuwa kizima: mota, pampu, bodi, kioo cha mlango, shokapu mbili. Akanipa 90,000. Mota yake sasa inafua kwa mteja wake mmoja Mbagala.