Maswali ya Wasomaji: Mti wa Vigawo Uliokatishwa Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa darasa la tano aliambiwa atafute Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha 84 na 126, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki, kwa kuchora miti ya vigawo. Mti wa 84 aliuanza kwa 4 na 21, wa 126 akauanza kwa 9 na 14, akapata KKS kuwa 7. Mwalimu wake, ambaye ubaoni alianza kwa 2 na 42, amemkosesha. Je, ni lazima mti uanze kwa 2? Nakala ya daftari nimeiambatanisha. – Mzazi, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Si lazima, ndugu mzazi, ila mwalimu naye hakumwonea mtoto. Uanzie tawi lolote, vigawo tasa (visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe) utakavyoishia navyo ni vilevile, jambo ambalo mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilitolea uthibitisho mwaka 1801.

Kosa liko kwenye ncha za matawi. Katika daftari, 21 imegawanywa ikawa 3 na 7, lakini 4 imezungushiwa duara kana kwamba ni namba tasa, na katika mti wa pili 9 imefanyiwa hivyohivyo. Basi alipolinganisha 4, 3, 7 na 9, 2, 7, alikiona cha shirika kimoja tu, kwa sababu 2 ilikuwa imejificha ndani ya 4, na 3 ndani ya 9. Akiendelea kugawanya atapata 84 = 2 × 2 × 3 × 7 na 126 = 2 × 3 × 3 × 7. Hapo achukue vile tu vinavyopatikana pande zote mbili, yaani 2 × 3 × 7 = 42. (Wengi hubeba 2 zote mbili za 84, ilhali 126 ina moja tu.)

Kwa kuwa mko Ujiji, mpelekee hesabu hiyo mwaloni: muuzaji ana migebuka 84 na kuhe 126, naye anataka mafungu mengi iwezekanavyo yanayolingana, pasipo samaki kubaki. Kwa 42, kila fungu lina migebuka 2 na kuhe 3, na hapo hapagawanyiki tena. Kwa 7 ya mwanao, kila fungu lina migebuka 12 na kuhe 18, namba ambazo bado zinagawanyika kwa 6. Na 7 mara 6 ndiyo 42 aliyoikosa.